Siku Niliyogeuza Mkaratusi Kuwa Kafuri

Hili nalisimulia mwenyewe kwa sababu Makambako nzima imeshalisikia na kila mtu analiongezea chumvi, bora mnicheke kwa yale niliyoyafanya kweli.

Mimi ni mtu wa nyumbani, jiko la mkaa na blanketi vinanitosha, na kazi yangu ni kuosha vichupa kwenye maabara moja ndogo. Siku hiyo kikundi cha akina mama wa Mahongole kilileta mafuta yao ya mkaratusi yapimwe, mnunuzi yuko uani anasubiri majibu ndipo abebe, na mwenyekiti wa kikundi ni mama mkwe wangu (ndiyo, mtu asikosane naye). Fundi wetu, Sanga, alishapitisha kila kitu kwenye mashine, mara akaitwa Njombe, akaniambia, "Usiguse karatasi, nitasoma nikirudi." Nikaona atarudi jioni, na baridi ya huku mnaijua, ngoja nisome mwenyewe niwahi nyumbani.

Mbona rahisi, nilimwona mara nyingi: hidrokaboni (hizo ndizo rula yetu ya kupimia) zinatangulia, ya kaboni nane, ya tisa, ya kumi, kila moja inatoka kwa zamu yake na kuchora kilima karatasini, unavipa vilima namba, halafu unaangalia kilima cha mafuta kimeangukia kati ya namba zipi, unatafuta jina kitabuni. Kilima cha kwanza, kirefu kuliko vyote, nikakiita nane. Kitabu kikanipeleka kwenye kafuri. Nikarudia, kafuri. Nikageuza karatasi juu chini (sijui nilitegemea nini), bado kafuri.

Nikatoka uani nikatangaza.

Mnunuzi akafunga begi. Akina mama wakamgeukia katibu wao kama mwizi, maana ndiye aliyelaza madumu ya mafuta nyumbani kwake. Mama mkwe akasema polepole, "Baba Neema, siku tatu nachemsha majani ya mkaratusi, imetoka kafuri ya kuzikia watu?"

"Mama, mashine ndiyo inasema."

"Na wewe ndiye mdomo wake?"

Sanga aliporudi alimkuta mnunuzi getini, akamrudisha uani, akanigeukia mimi na karatasi mkononi. "Ulianza kuhesabu wapi?"

"Kile kirefu cha mwanzo."

"Hicho ni kimiminika tulichoyeyushia hidrokaboni, hakina namba. Umesogeza kila kitu hatua moja."

Akahesabu upya mbele ya wote, ukatoka mkaratusi, safi kabisa. Madumu yakapakiwa, katibu akaombwa radhi, mimi hakuna aliyenitazama.

Niliapa kutohesabu tena cha watu bila kuuliza pa kuanzia. Kiapo hakikuhitajika. Kwenye kipaimara cha Neema nilishika sahani nizihesabu, mama mkwe akaninyang'anya: "Kaa tu, baba, wewe utaanzia kwenye sufuria."