Fundi Kioo wa Kalundu na Chombo Kilichopasuka Chenyewe

Nilifukuzwa kazi kwa kuvunja chombo cha kioo ambacho sikukigusa. Naanza na hilo kwa sababu hasira bado ninayo, na sitaki mtu afikiri nasimulia habari za baba mudogo kwa moyo uliotulia.

Baba mudogo Gracien ni mdogo wa marehemu baba yangu. Alitoka Runingu akiwa kijana, akaenda Bujumbura kujifunza kufua kioo kwa moto, kisha akafungua kibanda chake Kalundu, nyuma ya bandari. Tangu hapo, miaka thelathini na zaidi, hospitali na shule za Uvira zikivunja mirija au chupa za labo, yaani maabara, zinampelekea yeye. Anawasha shalimo, lile bomba la moto wa gesi, anaunganisha kioo kwa kioo mpaka usione palipovunjika. Fundi mwingine hakuna. Na yeye hakutaka awepo mwingine, niliseme hilo pia, sina sababu ya kumpamba.

Vijiti vya kioo anavyotumia kuunganishia viko aina tatu, na vyote ni vyeupe, vinaonyesha upande wa pili kama maji. Vile laini hata minye, mimi nisiyejua kazi, navitambua, mwisho wake una ukijani. Shida iko kwenye aina mbili zilizobaki, kile kigumu na kile cha katikati. Motoni vinalegea karibu sawa, mkono wa fundi unadanganyika. Ukiviunganisha pamoja, vikipoa kimoja kinajivuta kuliko mwenzake, na chombo kitapasuka: leo, kesho, au baada ya juma nzima, bila kuguswa na mtu. Ili kuvitenganisha, baba mudogo anatumbukiza kijiti katika glasi ya mafuta meupe ya kupikia. Kigumu kinapotea kabisa, unadhani hakimo. Cha katikati kinaacha mstari mwembamba sana. Mstari huo yeye alikuwa anauona kwa kutupa jicho mara moja tu. Siku moja nilimwambia avitie rangi kidogo ili asivichanganye. Akanitazama kama nimemtukana mama yake.

"Alama ni ya batu basiojua kazi," akasema.

Jeuri ile! Na minye nikacheka naye.

Kazi ya usafi katika labo ya hospitali aliniombea yeye mwenyewe, nilipofiwa na mume wangu. Mkubwa wa labo, Shefu Norbert, anamheshimu sana. Miaka sita nimepangusa zile meza, na watoto wangu watatu wamekula kwa kazi ile. Basi mwezi wa tatu, shingo ya kile chombo cha kuchemshia maji safi ikakatika, nikakipeleka Kalundu, baba mudogo akakitengeneza, nikakirudisha juu ya mapaja yangu kwenye pikipiki kama ninavyobeba mtoto mchanga.

Siku ya nne nilikuwa nafagia sakafu upande wa dirisha. Nikasikia tii! Kugeuka, shingo ya chombo iko chini. Shefu Norbert akaingia, akanikuta nimesimama na ufagio wangu.

"Léocadie, njo weye ulivunja?"

"Hapana, Shefu, si minye. Kimepasuka chenyewe."

"Kioo inaweza kujipasua yenyewe?" Wafanyakazi wawili walioingia naye wakacheka. Yeye hakucheka. "Vioo vinavunjika, mama, si kitu. Ungekubali ningekusamehe leo hii. Uongo njo siuwezi. Nakupa mpaka siku ya kwanza ya juma lijalo, uniambie ukweli."

Ningesema tu, "Ni minye, nisamehe," yangeisha. Lakini minye, Léocadie, nikubali kosa nisilolifanya? Nilichukua vile vipande kwa hasira, nikaenda navyo moja kwa moja Kalundu.

Baba mudogo alichukua kipande, akapitisha kidole gumba mahali alipounganisha, akarudia, akarudia tena. Kisha akaketi chini.

"Njo minye nilivunja," akasema.

Akaniambia kwamba tangu mvua za mwaka jana, akitumbukiza vijiti katika mafuta, vyote vinapotea. Kigumu, cha katikati, vyote. Mstari haupo tena. Miaka yote ile ya kukodolea moto imemmaliza. Alikwenda kwa siri Bukavu, daktari wa macho akamwambia ugonjwa uko nyuma kabisa ya jicho, haupasuliwi. Hakumwambia hata mke wake. Alikuwa anakisia tu, na mara nyingi alibahatika.

Nililia. Nilimhurumia, na hapo hapo nilitaka kumpiga kofi, Mungu anisamehe.

"Siku ya kwanza nitakuja nimwambie Norbert," akasema.

"Hakuna atakayekuletea kazi tena, baba mudogo."

"Najua."

Sikumzuia. Nina watoto.

Siku ilipofika alikuja labo amevaa koti lake la kanisani, shalimo amelifunga nyuma ya pikipiki. Shefu Norbert akamvutia kiti. Baba mudogo akaeleza yote: macho, mafuta, vijiti. Akasema atawaonyesha kwa vitendo. Atachukua kijiti kimoja kigumu na kimoja cha katikati, atavishikamanisha motoni, atavuta uzi. Kioo cha aina mbili, uzi ukipoa unapinda kama upinde. Cha aina moja, unabaki umenyooka. Nilitaka nimsaidie kuchagua vijiti, akaniondoa mkono.

"Hizi mbili nilizipima asubuhi kwa jua kali, mara kumi. Nazijua."

Moto ukawaka. Jamani, mikono ile! Vijiti vikalegea, vikashikana, akavuta polepole, na uzi ukatoka mrefu kama mkono wa mtu, unang'aa. Akaushika hewani upoe. Wote tukautazama. Yeye alitazama ukutani.

"Léo, inapinda upande gani?"

Nilingoja. Niliutazama uzi ule kwa moyo wangu wote, naomba upinde hata kidogo.

"Léo?"

"Iko imenyooka, baba mudogo."

Akaupapasa kwa vidole mpaka ukamkatikia mkononi. "Basi nimebeba ya aina moja," akasema taratibu. "Munaona? Njo hiyo niko nawaambia. Siwezi tena kuchagua."

Hakuna aliyemwelewa; wao waliona uzi ulionyooka tu. Shefu Norbert alimshika bega kwa heshima, sauti yake ya upole. "Mzee, unamupenda mutoto wako. Hata minye ningefanya vile." Akamsindikiza mpaka mlangoni.

Nikaona yote yamekwisha, nikasema, "Basi, Shefu, ni minye nilivunja. Nisamehe."

"Umechelewa, mama," akajibu. "Mpaka umemuleta mzee wa watu kudanganya."

Barua ya kufukuzwa nilipewa siku hiyo hiyo.

Baada ya majuma mawili nilikuwa Kalundu kwa baba mudogo, mchana, akaja mwanamke kijana amebeba chombo cha kioo kilichofungwa katika kitenge. Jina lake Eliane, mfagiaji mpya wa labo. Baba mudogo akamwambia, "Kirudishe. Mwambie Norbert sioni tena." Eliane akaenda, akarudi nacho. Shefu amecheka, akasema mzee ana kinyongo kwa sababu ya binti yake, kiachwe tu hapo, hasira itamtoka. Mikono kama ile, eti, haisahau kazi.

Eliane akakiweka juu ya meza, taratibu sana. Akaniuliza kama kazi ile ni nzuri.

Nikamwambia ni nzuri, ila asisimame karibu na vile vioo. Akatabasamu kidogo, akafunga kitenge chake. Niliona usoni mwake anafikiri nina wivu.