Samaki Watano Wasio Wangu

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alianza kunikera asubuhi ile kabla hata hatujafika ziwani. Alikuja kunichukua stesheni ya treni ya Upplands Väsby, huku Sweden, akaninyang'anya keekee ya kutobolea barafu, akaitupa nyuma ya gari na kusema, "Leo wewe kaa karibu yangu tu. Mimi ni mtoto wa Uvira, ziwa nalijua."

Kwao Uvira ziwa lipo, ni kweli. Lakini halina barafu, na maisha yake yote huko aliuza vitenge.

Mashindano yale nilikuwa nimejiandikisha mwenyewe. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao huku Skärholmen, na mwenzangu mmoja kazini ndiye aliyenifundisha kuvua wakati wa baridi. Unatoboa tundu kwenye barafu, unakaa juu ya kigoda, unateremsha mshipi kwa kijiti kifupi kama mwiko, kisha unaupandisha na kuushusha polepole mpaka samaki aume. Wiki nzima nakimbia mlango hadi mlango, dakika zangu zimepangwa na simu ya kazini. Juu ya barafu hakuna aliyeniuliza kitu. Nilifanya mazoezi Jumamosi tano, peke yangu, na sikumwambia mtu isipokuwa mume wangu. Yeye akaropoka mezani kwa kaka yake, na kesho yake shemeji naye akajiandikisha.

Niseme ukweli juu ya huyu mtu. Alitangulia kufika Sweden, na sisi tulipokuja ndiye aliyetupokea. Mwaka wa kwanza alikuwa mdomo wetu kila ofisi tuliyoingia. Nilimshukuru, na bado namshukuru. Lakini miaka kumi na miwili imepita, Kiswidi nakisema vizuri kuliko yeye, na hata sasa nikiulizwa swali mbele yake, yeye ndiye anayejibu.

Honi ilipigwa saa tatu asubuhi. Tulikuwa watu kama sitini ndani ya eneo lililozungushiwa vibendera, kila mmoja na mfuko wake wa plastiki wenye namba. Sheria zilikuwa chache: usitoke nje ya vibendera, tumia kijiti kimoja, mfuko wako uwe na samaki uliowavua wewe. Saa saba wangepima uzito.

Saa ya kwanza sikupata hata mmoja. Upepo ulikuwa unakata masikio, na maji ya tundu yaliganda kila nilipogeuka, ikanibidi niyakoroge kwa upawa. Vidole vilikufa ganzi hata nikashindwa kumchomeka funza wa chambo kwenye ndoana. Nilimtia mdomoni kumpasha joto kama nilivyowaona wazee wa Kiswidi wakifanya, nikaona kinyaa, nikamtema. Na nyuma yangu sauti ya shemeji haikukoma.

"Tundu hilo halina kitu, shemeji. Hamia huku. Shusha zaidi. Hapana, sasa umezidisha."

"Niache kidogo, shemeji."

"Nakusaidia."

Kilichoniuma zaidi ni kwamba yeye alikuwa anapata. Hajawahi kukanyaga barafu, lakini kila dakika chache alikuwa anachomoa abborre, wale samaki wenye mistari ubavuni na mapezi mekundu, akiwatupa kwenye theluji na kucheka kwa sauti mpaka watu wakageuka.

Nilihama mara nne. Kwenye tundu la tano, karibu na matete, nikaanza kupata: mmoja, wa pili, wadogo kama kiganja, halafu wengine wawili. Kisha kijiti kikapinda kwa nguvu ambayo sikuwahi kuisikia. Nilivuta taratibu, pumzi nimeibana. Kichwa kikatokea kwenye maji, kipana, jicho la rangi ya chungwa.

"Vuta! Vuta!" Shemeji alikuja mbio, akapiga magoti, akaukamata mshipi wangu kwa mkono. Mshipi ukakatika. Samaki akageuka mara moja ndani ya lile tundu na kuzama.

Nilijua nikifungua mdomo nitamtukana mkubwa wangu mbele ya Wazungu, kwa hiyo nikauacha mfuko pale, nikatembea hadi ufukweni, nikanywa chai kwenye kifuniko cha chupa. Niliporudi, alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, hanitazami. Nikadhani ameona aibu. Nikamwonea hata huruma kidogo.

Saa saba tulipanga foleni mbele ya mizani. Aliyekuwa anapima ni mama mmoja mtu mzima mwenye kofia ya manyoya. Aliuchukua mfuko wangu, akautundika, akatabasamu.

"Hongera! Kwa sasa wewe ni wa tatu upande wa wanawake."

"Wa tatu? Mimi?"

Nilichungulia ndani. Walikuwa tisa. Wanne nilikuwa nawafahamu kila mmoja, maana niliwapata kwa taabu. Wale watano wengine walikuwa wanene, wazuri, na hawakuwa wangu. Niligeuka kumtazama shemeji. Alinikonyeza.

Huo mkonyezo ndio ulionimaliza. Pengine bila huo ningenyamaza.

"Samahani," nikamwambia yule mama, "wanne tu ndio wangu. Hawa watano sikuwavua mimi."

Foleni nzima ikatugeukia. Aliniuliza ni wa nani, na kabla sijasema, macho ya watu yalikuwa yamekwisha kumfikia shemeji. Yule mama alivuta pumzi, akasema kwa upole kwamba anasikitika, lakini sheria ni sheria: tumeondolewa wote wawili. Alifuta namba zetu kwa mstari mmoja wa kalamu. Hata wanne wangu hawakupimwa.

Garini shemeji alilipuka.

"Bon, sasa umefanya nini? Umeniaibisha mbele ya watu!"

"Nani alikuambia unitilie samaki?"

"Nilikuharibia yule mkubwa. Nikasema nikurudishie. Ulitaka uonekane na samaki wanne?"

"Ndiyo! Wanne. Wangu."

"Wanne ni aibu, shemeji."

"Basi aibu yangu niachie mwenyewe."

Akasema kwa sauti ya chini, "Siku nilipokupokea uwanja wa ndege ulinishika koti usipotee."

Ilikuwa kweli. Na ukweli huo ukanizidishia hasira. Alinishusha stesheni bila kuzima injini.

Nyumbani, binti yangu alikuwa sebuleni na simu yake. "Vann du?" akauliza, kama nimeshinda. Nikamwambia hapana, na yeye akarudi kwenye simu. Niliwakaanga wale wanne kwa nyanya na pilipili. Walikuwa miiba mitupu. Mume wangu alikula kwa uangalifu, akasikiliza habari yote, kisha akasema nimpigie kaka yake nimwombe radhi kwa sababu ni mkubwa. Nikamwambia ampigie yeye, aliyeropoka.

Hakuna aliyempigia mwenzake kwa wiki tatu. Ya nne, nikiwa kwenye ngazi za mzee mmoja ninayemhudumia, simu ikalia. Shemeji. Hakutaja ziwa. Alisema mwenzangu wa kazini amemwonyesha tangazo la mashindano mengine, mwezi wa tatu, kabla barafu haijayeyuka.

"Mwenzangu? Umempata wapi mwenzangu?"

"Mumeo alinipa namba yake. Nimeshatuandikisha wote wawili," akasema. "Usihangaike na chochote."

Nilikaa kwenye ngazi. Nilimwambia, polepole kama mtu anayemsomea mtoto, kwamba awapigie waandaaji, wafute jina langu, na kwamba nikitaka kwenda nitajiandikisha mwenyewe.

"Sawa," akasema. "Sawa, shemeji. Lakini kufuta wanataka uwaandikie barua pepe, na Kiswidi changu cha kuandika..."

Nikaiandika mimi, pale pale kwenye ngazi, na mzee wangu akasubiri dawa yake.