Jiwe la Junie

Shoga yangu Delphia Cogar alizaliwa, akaolewa na kuzeekea katika bonde moja, Stillhouse, ambako milima imebanana hata jua linachelewa kuingia na linawahi kuondoka. Ukitaka ardhi tambarare hapa Virginia ya Magharibi, kalime mezani. Ndiyo maana wanaume wetu waliingia chini ya ardhi. Kwanza walikata miti, miti ikaisha. Wakageukia makaa ya mawe, makaa yakapakiwa kwenye treni na kwenda kuwasha taa za miji tusiyoijua. Kikohozi tuliachiwa sisi. Hobart, mume wa Delphia, alikohoa miaka mingi kabla hajafa.

Mlima wa juu yetu ulikuwa wa babu yake Delphia. Siku moja akaja mtu wa mashariki, koti jeusi na maneno matamu, akataka kununua kilichomo chini ya mlima tu. Babu alicheka hadi akakaa chini. "Mjinga huyu ananunua asichokiona!" Akauza, akabaki na cha juu: miti, shamba la mahindi na makaburi. Hakuwaza kwamba siku moja itapatikana mashine ya kuondoa cha juu ili kukifikia cha chini. Nani angewaza? Hata mimi mwenye dhana mbaya nisingewaza.

Makaburi hayo ndiyo yaliyotukusanya. Kila mwisho wa Mei, siku ya Jumapili, tulipanda na majembe, tukapalilia, tukaweka maua ya karatasi tuliyoyachovya kwenye nta yasiloe, kisha tukatandika vitambaa katikati ya marehemu wetu na kula maharage na mkate wa mahindi. Delphia aliweka maua kwa wote, lakini alikaa kwa mmoja. Junie, binti yake wa kwanza, alichukuliwa na kichomi mwaka wa mgomo mkubwa wa wachimbaji, akiwa bado anajifunza kusema. Mgomo ni njaa. Jiwe la kuchongwa lingetoka wapi? Hobart aliteremka kijitoni, akachagua jiwe jeupe lenye mshipa mwekundu, akalibeba begani hadi juu. Halikuandikwa kitu. Sote tulijua ni la nani.

Okey alizaliwa baada ya Junie. Mgodi wa chini ya ardhi ulipofungwa, vijana wenzake walihamia Ohio. Yeye akabaki kwa ajili ya mama yake. Kisha ikaja kampuni ya kukata kilele cha mlima, na Okey akapata kazi ya kuendesha tingatinga.

"Hongera," Delphia alimwambia akimpakulia chakula. "Umepata kazi ya kumnyoa babu yako kichwa."

"Mama, nisipoendesha mimi ataendesha mwingine."

"Basi aendeshe huyo mwingine!"

"Na wewe utakula nini? Hasira?"

"Nimeila maisha yangu yote, na bado sijashiba."

Okey alicheka, maskini. Mama yake hakucheka.

Sheria inakataza kugusa makaburi. Kwa hiyo masika yale wapima ardhi walikuja kuyazungushia tepe nyekundu. Tukapanda, mimi na Delphia, tumevalishwa kofia ngumu kama wachimbaji, kwenda kuwatazama wafu wetu wenyewe. Tepe ilipita vizuri kwenye mawe yote yaliyochongwa. Jiwe la Junie, lililokuwa ukingoni, liliachwa nje.

"Kijana," Delphia alimwita mpimaji, "mwanangu umemwacha nje."

Yule kijana alikuwa na adabu, sikatai. "Kaburi lake ni lipi, bibi?"

"Hili hapa."

Alilitazama, akainama, akalitazama na upande wa pili. "Mbona hili ni jiwe tu, bibi?"

"Na wewe ni nyama tu! Nani amekuchonga jina mgongoni?"

Nilimshika mkono kabla hajampiga na mwavuli. Mpimaji akasema likiwekwa jiwe lenye jina, tepe itasogezwa. Basi kanisani tukachanga, fundi wa mjini akaahidi kwamba jiwe litakuwa tayari kabla ya Jumapili ya makaburi. Jioni hiyo Delphia alimwekea mwanawe mikono mabegani.

"Okey, sikuombi uache kazi. Upande ule usiuguse mpaka jiwe lifike. Dada yako hana mwingine wa kumlinda huko."

"Siugusi, Mama."

Na alimaanisha. Alimwomba msimamizi wake, msimamizi akakubali.

Jumanne kabla ya Jumapili hiyo madirisha yetu yalitikisika kama kawaida ya siku za kulipua mlima kwa baruti. Baada ya chakula cha mchana nikamwona Okey anapanda ngazi za kwao na nguo za kazi, amebeba kitu begani. Nikavuka uwanja mbio. Alikuwa ameliweka jiwe jeupe miguuni pa mama yake.

"Mlipuko uliangusha ukingo," alisema. "Nikaambiwa nisukume kifusi bondeni. Nikasukuma, Mama. Sikujua ukingo wenyewe ni upi. Nilipoliona jiwe, udongo wake ulikuwa umeshakwenda."

Delphia alilitazama jiwe. "Umeniletea jiwe," alisema. "Na mtoto?"

Okey alikaa kwenye ngazi akalia kwa sauti, mwanamume mzima mwenye mvi. Sikumwonea huruma siku ile. Namwonea sasa.

Jumapili, Delphia alikataa kupanda. Alibeba kikapu chake cha maua hadi chini ya kifusi, pale kilipokuwa kijito. Kijito nacho kilikuwa kimefukiwa. Okey alifuata nyuma na jiwe jeupe begani, kama baba yake zamani.

"Wapi, Okey?" mama yake aliuliza. "Nionyeshe tu."

Okey alitazama ule mteremko wa mawe na udongo uliolijaza bonde lote. Akainua mkono, akauzungusha polepole kutoka ukingo huu hadi ule, akaushusha.

"Haya," Delphia alisema. "Tuanzie hapa."

Akachuchumaa, akaweka ua la kwanza, akasogea hatua moja, akaweka la pili. Nikachukua yangu nikaanza upande wa pili. Maua yaliisha hatujafika mbali.