Mume wa Mkulima wa Uyoga

Mama Uyoga alikuwa amefaulu kuuotesha uyoga wa porini kwenye mifuko ya mabua, katika chumba cha giza nyuma ya nyumba. Sasa mpishi wa hoteli alikuja kuonja kabla ya kununua. Mama akakaanga, akala wa kwanza. Mpishi akamkodolea macho kama anayesubiri aanguke.

"Na shemeji, mbona hali?" mpishi akauliza, akimtazama mume wa Mama aliyekaa kando.

Mumewe, ambaye hakuuamini uyoga wa porini hata siku moja, akasema ameshiba.

"Ameshiba nini, na kikaango ndiyo kwanza kinateremka?" Mpishi akachukua kofia yake aondoke.

Mama akamsogezea mumewe sahani. "Baba watoto, leo utakula, au utalala na mifuko."

Mume akachagua kipande kidogo, akakitafuna amefumba macho. Kisha mkono ukarudi sahanini wenyewe.

"Nibakizieni basi," mpishi akasema, akikaa.