Soneti Yangu na Majembe ya Kidato cha Tano

Ndugu wasomaji, leo nasimulia nikicheka, ingawa siku ile nilitamani ardhi ipasuke. Nafundisha Kiingereza hapa Bariadi. Kwa kuwa mashairi ya Kiswahili nayajua, soneti ya Kiingereza niliichukulia vivyo hivyo: unahesabu mizani kwa vidole, zikifika kumi kila mstari, na mistari ikiwa kumi na minne, kazi imekwisha. Nikatunga yangu, nikaiandika ubaoni iwe mfano. Soneti ya Kabula, binti wa mkulima wa pamba kutoka Mwamapalala, nikaikata alama kwa sababu mstari mmoja ulikuwa na mizani kumi na moja.

Akanyoosha mkono. “Samahani, mwalimu. Kitabu kinasema mstari una mapigo matano, yaani silabi tano zinazotamkwa kwa mkazo. Mimi nimeyasikia kama tunavyolima kwa wimbo nyumbani: unanyanyua jembe polepole, unalishusha kwa nguvu. Mara tano.”

“Haya, tuonyeshe,” nikasema kwa kejeli.

Darasa zima likasimama, kila mmoja na jembe lake la hewani. Kabula akasoma soneti yake, mikono ikapanda na kushuka pamoja, hata mimi nikajikuta nalima. Namshukuru binti yule mpaka leo, maana nilikuwa nimefundisha miaka sita bila kulisikia pigo lile.

Kisha, kwa adabu zote, akageukia ubao na kuanza kusoma yangu. Mikono arobaini ikanyanyuka. Ikabaki juu.

“Mwalimu,” akauliza Kabula, “tushushe wapi?”