Mashine Yangu Ilivyokula Kitenge cha Mwenyekiti

Nawaambia nyinyi tu, maana watu wa kijijini kwetu Kikwe wanalijua tayari na hawana mpango wa kulisahau: mimi, mbunifu mzima, niliwahi kunaswa na mashine niliyoiunda kwa mikono yangu, nikiwa nimejifunga kitenge, mbele ya mama yangu mzazi na nusu ya usharika.

Kikundi cha akina mama pale kijijini kilitaka mashine za kupukuchua mahindi, nami nilishaacha kazi nikiitegemea oda hiyo. Rafiki yangu akanishauri niende kwanza nikawaulize wanataka ziweje. Nikamcheka. Niulize nini, na mimi ni mtoto wa kule? Basi nikajifungia chumbani kwangu mjini, Sekei, miezi mitatu, nikaunda mashine ya kukanyaga kama baiskeli, nikaijaribu mwenyewe (nikiwa na kaptula, zingatieni hilo), nikajipa alama zote.

Jumapili baada ya ibada nikaiweka uwanjani na kumwaga hotuba: tija, ubunifu, kuridhika kwa mteja. Kisha nikamkaribisha mama mwenyekiti wa kikundi apande. Akaitazama siti, akaitazama sketi yake, akamtazama baba mkwe wake aliyesimama pale na fimbo.

"Mwanangu," akasema, "nipande hapo, nitanue miguu, na mzee ananiangalia?"

Mwenye akili angeomba radhi. Mimi nikasema inawezekana kabisa, nikaazima kitenge chake cha begani, nikajifunga juu ya suruali, nikapanda na kukanyaga kwa mbwembwe, na mahindi yakapukuchuka kweli, makofi yakaanza, mpaka cheni ikadaka pindo, ikavuta, nikakunjika, nikaanguka na mashine juu yangu, kuku wakaja kudonoa mahindi kichwani pangu. Nilitoka baada ya kitenge kukatwa kwa mkasi.

"Pole, baba," mwenyekiti akasema huku akifuta machozi ya kicheko. "Lakini si ungetuuliza tu?"

Oda ikaenda kwa fundi mmoja wa Tengeru, ambaye alishinda na akina mama hao siku nzima wakipukuchua, akiuliza wanakaaje na mikono inachoka wapi. Mashine yake unaizungusha kwa mkono ukiwa umekaa kwenye kigoda. Mbaya, haina hata rangi. Mama yangu anayo, na nikienda nyumbani ananiita nimzungushie, na (inaniuma kusema) ni nyepesi kuliko yangu. Naapa sichori tena hata mstari mmoja kabla sijakaa na mwenye kuitumia, yeye aongee, mimi nifunge mdomo.