Kinyozi na Wastani wa Ligi

Kila asubuhi kinyozi wa Osaka husoma gazeti la besiboli na kuandika kwa chaki pembeni mwa kioo: mpigaji wa timu anayoishabikia, mapigo ishirini na moja katika kila majaribio mia; wastani wa ligi nzima, ishirini na tano. "Hata wastani hafiki! Mti wa kuanikia nguo ungempita!" hufoka kwa sauti iliyopwelea, wembe hewani, povu likiwakaukia wateja mashavuni.

Leo uvumilivu ulimwishia Bwana Hamaguchi, mteja aliyekuwa kitini. "Basi mzee, si wamfukuze gogo hilo, tunyolewe?"

Wembe ulisimama kooni mwa mteja.

"Gogo nani? Jana sauti ilinipwelea uwanjani nikiimba wimbo wa kumshangilia. Wewe umemwimbia lini?"

Hamaguchi, shavu moja bado lina povu, akaomba radhi.